Kabla ya Kujibu "Rimu Ngapi?": Kusoma Ubavu wa Tairi la Gari la Kale

Ukiingia duka la matairi Kariakoo, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, swali la kwanza utakaloulizwa ni "Rimu ngapi?" Ukijibu kumi na tano, tairi la inchi 15 linashushwa, na kama kashata zake ni nzuri na bei inaelewana, biashara imekwisha. Kwa Toyota ya miaka ya karibuni mazoea haya hayaleti madhara makubwa. Muuzaji anajua gari hilo huvaa nini, na kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva humrekebisha akikosea. Kwa Volkswagen Beetle ya 1964, Peugeot 404 au Morris Minor, mara nyingi hakuna kibandiko, kitabu cha gari kilishapotea, na tairi lililopo kwenye gari huenda lilifungwa na mtu wa tano kulimiliki, naye alijibu swali lilelile moja. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba kipenyo cha rimu ni sehemu ndogo ya habari iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, na kwamba mwenye gari la kale anapaswa kuanza na vipimo viwili ambavyo watu huviacha hadi mwisho au hawavigusi kabisa: upana wa rimu yake, na kimo kizima cha tairi ambalo waliounda gari walilikusudia. Upana wa tairi, ambao ndio unaovutia macho, hufuata baada ya hapo.

Tuanze na alama ya kisasa, kwa kuwa ndiyo iliyo wazi zaidi. Tairi lililoandikwa 195/65 R 15 91H lina upana wa milimita 195 kutoka ubavu mmoja hadi mwingine likiwa limejazwa upepo kwenye rimu ya kipimo chake. Namba 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani asilimia 65 ya 195, ambayo ni milimita 126.75. R inaeleza muundo wa nyuzi za ndani, uitwao radiali, na haihusiani na rimu, ingawa wengi huisoma hivyo kwa kuwa imekaa karibu na namba ya rimu. Kumi na tano ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni namba ya mzigo, ambayo katika jedwali la kimataifa ni kilo 615 kwa tairi moja, na H ni mwendo wa juu unaoruhusiwa, kilomita 210 kwa saa. Kwa hesabu fupi unapata kimo kizima cha tairi: inchi 15 ni milimita 381, ongeza ubavu wa juu na wa chini, jumla milimita 634.5. Hesabu hii ya mstari mmoja ndiyo chombo muhimu kuliko vyote kwa mwenye gari la kale, kwa sababu inamwezesha kulinganisha matairi ambayo alama zake zimeandikwa kwa lugha tofauti kabisa.

Alama za zamani zilikuwa fupi, na ufupi wake ndio unaopotosha. Beetle ya miaka ya 1950 na 1960, gari lililoshinda Safari Rally 1954 na tena 1962, lilitoka kiwandani na tairi lililoandikwa 5.60-15. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, karibu milimita 142, na ya pili ni rimu. Kimo cha ubavu hakikuandikwa popote, kwa kuwa kila mtu katika biashara ile alikijua: tairi la wakati ule lilikuwa karibu mviringo kamili, ubavu wake ukikaribia kulingana na upana. Matairi ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia yalikuwa na kimo cha takriban asilimia 98 ya upana. Kundi lililofuata mwishoni mwa miaka ya 1940, ambamo 5.60-15 imo, lilishuka hadi takriban 95, kisha 88, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 likasimama karibu na 82. Alama haikusema lolote kuhusu mabadiliko hayo. Mtu anayesoma 5.60 leo, akabadili inchi kuwa milimita na kuchukua tairi la kisasa la upana huohuo lenye ubavu wa asilimia 65, atapata gurudumu lenye kimo cha milimita 565 hivi mahali palipostahili karibu 650. Namba zote mbili alizosoma zilikuwa sahihi. Kilichomkosesha ni ile ya tatu, ambayo haikuandikwa.

Tatizo hilo liliendelea hata baada ya radiali kuingia. Michelin waliomba hataza ya tairi la radiali 1946 na kuanza kuliuza 1949, na kwa miaka mingi baadaye matairi hayo yaliandikwa kwa mtindo wa 165 SR 15, herufi ya mwendo ikiwa katikati: S kwa kilomita 180 kwa saa, H kwa 210, V kwa zaidi ya hapo. Hapa pia hakuna asilimia ya ubavu. Kanuni isiyoandikwa ni kwamba radiali isiyotaja asilimia ina kimo cha 80 au 82 kwa mia. Kwa hiyo 165 R 15, ambayo ndiyo iliyorithi nafasi ya 5.60-15 kwenye Beetle, ina kimo kizima cha milimita 645 hadi 650, na tairi jipya lililoandikwa 165/80 R 15 ni ndugu yake wa damu. Ukiliona dukani huna haja ya kusita. Ukiona 165/65 R 15, usidanganyike na ile 165 mwanzoni, kwa maana limefupika kwa sentimita tano.

Wafaransa walituachia mtego mwingine, na huu unaweza kuumiza mtu papo hapo gereji. Kwa muda mrefu walipima rimu zao kwa milimita. Peugeot 404, ambayo Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, aliiendesha na kushinda Safari Rally 1966 na 1967, ilivaa tairi la 165-380. Milimita 380 ni inchi 15 kwa vitendo, na 165 R 15 hukaa bila shida. Lakini Peugeot 203 iliyotangulia ilivaa 155-400, na Citroën Traction Avant ilivaa 165-400. Milimita 400 ni inchi 15.75. Hakuna tairi la inchi 15 linaloweza kukaa hapo, na la inchi 16, ingawa litapita kwa urahisi juu ya rimu, lina nafasi ya zaidi ya milimita sita za ziada kwenye kipenyo, hivyo ukingo wake wenye waya haushiki sawasawa. Baadaye, 1975, Michelin walileta mfumo wa TRX wenye rimu za milimita 390 na mdomo wa umbo lake lenyewe. BMW 635CSi ya miaka ya 1980 iliyofungwa rimu hizo huvaa 220/55 VR 390, na tairi la kawaida la inchi 15 au 16 haliwezi kuchukua nafasi yake. Fundi anayejaribu kulazimisha tairi kukaa kwenye rimu isiyo yake kwa kuongeza upepo yuko hatarini. Nchini Marekani watu waliumia na wengine kufa wakati matairi ya inchi 16 yalipofungwa kwenye rimu za inchi 16.5, ukingo ukakatika kwa nguvu ya upepo, na mpaka leo viwanda huandika onyo hilo ubavuni mwa tairi. Tofauti ile ilikuwa nusu inchi. Ya milimita 400 na 406, yaani inchi 16, ni robo inchi tu, na kwa sababu ni ndogo kiasi hicho macho hayaioni. Mwenye gari la Kifaransa la kabla ya 1960 asome namba iliyogongwa kwenye rimu yenyewe, asiamini tairi alilolikuta kwenye rimu hiyo.

Magari ya Kimarekani nayo yana lugha yao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 matairi yao yaliandikwa kwa herufi, kama E78-14, ambapo E haitaji upana wala mwendo: ni daraja la mzigo, 78 ni asilimia ya ubavu, na 14 ni rimu. Tairi hilo lilichukua nafasi ya 7.35-14, na mrithi wake katika alama za leo ni P195/75 R 14. Anayemiliki Ford au Chevrolet ya wakati ule aende moja kwa moja kwenye jedwali la ulinganisho la kiwanda cha matairi. Hapa hesabu ya mkono pekee haitamfikisha, kwa kuwa herufi haina milimita ndani yake.

Turudi kwenye Beetle, maana ndiyo inayoonyesha vizuri kwa nini kimo kizima, kwa umuhimu wake wote, hakitoshi peke yake. Lile tairi tulilolipima mwanzo, 195/65 R 15, linapatikana kila duka Afrika Mashariki kwa sababu ni saizi ya magari mengi ya kila siku. Kimo chake ni milimita 634.5. Kimo cha 165/80 R 15 ni 645. Tofauti haifiki asilimia mbili. Mtu aliyejifunza hesabu jana anaweza kufurahi na kusema amepata jibu la bei nafuu. Sasa achukue futikamba, atoe tairi kwenye rimu ya Beetle, apime upana wa rimu kutoka upande wa ndani wa mdomo mmoja hadi upande wa ndani wa mdomo wa pili. Kwenye Beetle nyingi za miaka ya 1960 atapata inchi 4, na akisafisha kutu karibu na tundu la valvu anaweza kuona pamegongwa 4J x 15. Hiyo J ni umbo la mdomo wa rimu. Akipima nje kwa nje atapata karibu inchi 5 na kudhani rimu yake ni pana kuliko ilivyo. Kosa hilo hutokea sana. Majedwali ya viwanda huruhusu 195/65 R 15 kwenye rimu za kuanzia inchi 5.5 hadi 7. Rimu ya inchi 4 iko nje kabisa ya mipaka, ilhali 165 R 15 inaikubali.

Je, kuna ubaya gani ikiwa tairi limeingia na linashika upepo? Ubaya uko kwenye mbavu. Tairi pana likibanwa kwenye rimu nyembamba, mbavu zake huinama kuelekea ndani na sehemu ya katikati ya kashata huvimba. Gari likikata kona, kitako cha tairi kinabaki barabarani huku rimu ikihama kuelekea upande, kwa kuwa hakuna msingi mpana wa kuishikilia. Dereva huhisi kwamba gari linachelewa kufuata usukani, kisha linafuata kwa ghafla. Kwenye kona kali ukingo unaweza kuachia rimu na upepo ukatoka wote mara moja, hasa kwenye rimu za zamani zisizo na kile kituta kidogo cha ndani kinachozuia ukingo usiteleze. Kashata nazo huisha katikati kwanza, kwa hiyo hata ile faida ya bei inapungua.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi linalosikika kuliko yote: tairi pana linashika barabara zaidi, na gari la zamani lenye breki dhaifu linahitaji kushika zaidi. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Kwenye lami kavu, tairi pana lililofungwa kwenye rimu pana ya kufaa hushika vizuri zaidi likikata kona. Lakini magari haya yaliundwa kuzunguka tairi jembamba. Beetle za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, karibu zote, zina ekseli ya nyuma inayobembea kutoka kwenye gia boksi. Gari likishika kona kwa nguvu kupita kiasi, gurudumu la nje hukunjwa kuelekea chini ya gari na sehemu ya nyuma kuinuka. Kadiri tairi linavyoshika zaidi, ndivyo nguvu ya kuinua inavyokuwa kubwa. Mshiko ambao mmiliki aliununua kwa ajili ya usalama unageuka kuwa chanzo cha gari kupinduka. Ongeza kwamba usukani wa magari haya hauna msaada wa pampu, kwa hiyo kila milimita ya ziada ya upana inalipwa kwa mikono wakati wa kuegesha. Kwamba rimu pana husukuma tairi nje na kubadilisha mahali uzito unapokalia beringi. Na kwamba kwenye maji ya mvua tairi jembamba hukata maji vizuri zaidi, kwa kuwa uzito uleule umekusanyika kwenye eneo jembamba. Kwa gari linaloendeshwa kwenye masika ya pwani, hili la mwisho peke yake lingetosha. Kuhusu breki dhaifu, dawa yake iko kwenye breki.

Kimo kizima nacho kina matokeo ambayo mtu hawezi kuyaona gari likiwa limesimama. Gurudumu refu huongeza mwendo kwa kila mzunguko wa injini na kuipa kazi nzito kwenye mlima. Gurudumu fupi hufanya injini izunguke zaidi kwa mwendo uleule, jambo ambalo injini ya Beetle inayopozwa kwa hewa haifurahii kwenye safari ndefu ya joto. Kwenye Beetle kuna jambo la pekee: waya wa spidomita umechomekwa kwenye kitovu cha gurudumu la mbele la kushoto, tundu la mraba kwenye kifuniko cha grisi. Tairi la mbele ndilo linalopima mwendo, na matairi ya nyuma ndiyo yanayoamua injini izunguke kiasi gani. Wale wanaofunga 145 mbele na 165 nyuma ili gari liiname mbele kwa mapambo wanapata spidomita inayosema 105 wakati gari liko kilomita 100. Kosa hilo angalau liko upande wa usalama. Anayefunga tairi refu mbele hudhani anakwenda polepole kuliko anavyokwenda.

Kuhusu muundo wa nyuzi, ushauri wangu ni mkali zaidi, maana hapa hakuna nafasi ya kuchezea. Alama yenye kistari, kama 5.60-15, kwa kawaida ni ya tairi ambalo nyuzi zake zimepangwa mshazari, tabaka moja likikatiza lingine. Alama yenye R ni ya radiali, ambayo nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo na kufungwa kwa mkanda chini ya kashata. Tairi la mshazari linahitaji kupindishwa zaidi ili kutoa nguvu ileile ya kukata kona. Ukiweka radiali mbele na mshazari nyuma, pua ya gari inafuata usukani mara moja wakati nyuma bado haijajiandaa, na mkia wa gari unatoka. Kwenye Beetle, ambayo karibu asilimia 60 ya uzito wake uko nyuma, hali hiyo ni mbaya maradufu. Sheria ya Uingereza inakataza mpangilio huo, na inakataza kuchanganya aina hizo mbili kwenye ekseli moja. Ikilazimika kuchanganya kwa muda, radiali zikae nyuma. Usisahau tairi la akiba: gari lenye radiali nne na mshazari mkongwe kwenye buti linakungojea usiku wa pancha.

Wapo wanaodai kwamba gari lililozaliwa na tairi la mshazari linapaswa kubaki nalo, la sivyo uhalisi wake unapotea. Kwa gari linalopelekwa kwenye maonyesho na kurudi juu ya lori, wana haki kabisa. Ubavu mnene na kashata za mtindo wa zamani ni sehemu ya sura ya gari, na bado kuna viwanda vinavyozitengeneza. Kwa gari linalosafiri kutoka Nairobi kwenda Naivasha katikati ya malori, radiali ya kimo sawa hufuata njia iliyonyooka vizuri zaidi, hupata joto kidogo na hushika breki vizuri kwenye mvua. Hoja ya uhalisi ina mwisho wake pia, kwa sababu 165 R 15 ilitumika kwenye magari hayo yakiwa bado kazini, na mtu anayeifunga leo haendi kinyume na historia ya gari.

Namba ya mzigo ndiyo ambayo wauzaji wetu huielewa vibaya kwa nia njema. Tairi la 165 R 15 lenye namba 86 hubeba kilo 530, na Beetle iliyojaa watu na mizigo ina uzito wa takriban kilo 1,200, mwingi wake ukiwa nyuma. Pana nafasi ya kutosha, lakini haikuachwa bure, na kushuka chini ya namba ya awali ni kuila nafasi hiyo. Kosa la upande wa pili ni kupanda sana. Mwenye Peugeot 504, ambayo huvaa 175 R 14, huambiwa achukue 195 R 14 C ya Hiace kwa kuwa ni ngumu na itadumu. Ile C ina maana tairi ni la gari la biashara, na namba yake ya 106 ni kilo 950 kwa upepo mwingi mno ambao gari dogo halihitaji. Ukilijaza upepo huo, 504 inayosifiwa kwa springi zake laini inaruka kama mkokoteni. Ukipunguza upepo, mbavu ngumu bado hazipindi na gari linabaki na mshiko mdogo. Kwa 504 za safu tatu za viti, zilizobeba abiria miaka mingi kwenye barabara zetu za mikoani, tairi zito kiasi lina sababu yake, lakini jibu lake ni 185 R 14 yenye namba ya mzigo inayotosha. Yale maandishi ya 4PR au 6PR kwenye matairi ya zamani ni daraja la nguvu lililobaki kutoka enzi ambapo nyuzi zilikuwa za pamba. Siku hizi hayana uhusiano na idadi ya tabaka zilizomo ndani.

Herufi ya mwendo sitaitetea sana. Beetle ya injini ya 1300 hufika kilomita 120 kwa saa, na S au T, yaani 180 au 190, inatosha na kubaki. Kulipia H au V kwa gari kama hilo ni kutupa pesa. Muhimu ni kutoshuka chini ya kile ambacho gari lilipewa, kwa kuwa herufi hii hupima uwezo wa tairi kustahimili joto, na lami ya Voi mchana wa Februari ina joto lake la kuongeza.

Umri unahitaji neno zaidi, kwa sababu magari ya kale hutembea kidogo na matairi yake huzeeka kabla ya kuwa kipara. Tafuta herufi DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kama tarakimu ni tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya 2000, na haijalishi kashata zake zinang'aa kiasi gani. Viwanda vikubwa kama Michelin na Continental vinashauri tairi liondolewe likitimiza miaka kumi tangu litengenezwe hata kama linaonekana zima; kwa gari linaloegeshwa juani ningelitazama kwa shaka mapema zaidi, nikitafuta nyufa ndogo kwenye mkunjo wa ubavu karibu na rimu. Matairi ya mtumba ya saizi adimu, yanayoletwa kwa sababu ya uadimu wake, ndiyo yanayohitaji ukaguzi huu kuliko yote. Rimu nazo zikaguliwe: za spoku za waya, au zilizoungwa kwa ribiti, haziwezi kushika upepo bila mpira wa ndani, hata kama tairi limeandikwa kwamba halihitaji. Mpira huo uwe umetengenezwa kwa ajili ya radiali ikiwa tairi ni radiali.

Linabaki pingamizi zito zaidi, la upatikanaji. Saizi hizi hazipo madukani kwetu, kuziagiza kunachukua muda, na bei pamoja na ushuru inauma. Ni kweli, na makala yanayomwambia mtu aagize tairi la asili au alaze gari hayamsaidii. Mbadala unaruhusiwa, mradi uchaguliwe kwa mpangilio unaofaa. Kwanza upana wa rimu, ndio mlango: tairi ambalo jedwali la kiwanda chake haliikubali rimu yako limeshindwa, hata likipewa bure. Kisha kimo kizima, ukijitahidi kubaki ndani ya asilimia tatu ya kimo cha awali. Kisha mzigo usiopungua, na muundo mmoja kwa magurudumu yote matano. Upana na sura ya tairi vichaguliwe kutoka kwenye yale yaliyobaki. Ukiona hakuna kilichobaki, njia ya heshima ni kubadili rimu: zipo rimu za Beetle za inchi 5.5 zinazokaa kwenye kitovu chake, na hizo zinaweza kupokea 195/65 R 15 kihalali, mradi tairi halisugui madigadi na mwenye gari akubali uzito wa usukani na onyo la ekseli ya nyuma lililotajwa juu. Kwa matumizi ya kawaida, hata hivyo, 165 R 15 inayoagizwa mara moja katika miaka mingi ni rahisi kuliko seti mbili za tairi lisilofaa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyumbani kwenda dukani, vua gurudumu moja, safisha rimu, soma kilichogongwa na upime upana ndani ya midomo. Andika kwenye karatasi upana huo, kimo kizima cha tairi la awali kwa milimita, namba ya mzigo, na kama gari linavaa radiali au mshazari. Muuzaji akikuuliza "Rimu ngapi?", mpe karatasi hiyo, na usilipe mpaka akuonyeshe tairi linalokubaliana na mistari yote minne.